Kung'oa rangi kwa baridi kali: dawa ya kulabu, si ya milango

Huduma ya kung'oa rangi kwenye chuma kwa nitrojeni kimiminika hutangazwa kana kwamba imekuja kuzika rimuva (dawa ya kuvua rangi), msasa na kupiga mchanga kwa mpigo mmoja. Haijazika kitu. Ina kazi moja inayoifanya vizuri kuliko njia nyingine, nayo ni kuvua rangi nene iliyorundikana kwenye kulabu, hanga, fremu na nyavu za chuma za sakafuni katika karakana za kupaka rangi. Ukiipelekea geti, rimu au mlango wa gari uliopakwa safu moja ya rangi ya unga (ile inayorushwa ikiwa unga mkavu kisha kuokwa kwenye tanuri) juu ya praima nzuri, utarudishiwa kitu chako kikiwa kimelowa na rangi yake karibu yote ipo palepale.

Kwa jina hilo la "baridi" zinauzwa huduma tatu tofauti: chemba ya nitrojeni, upigaji wa barafu kavu (kaboni dayoksaidi iliyogandishwa) kwa hewa ya kompresa, na barafu kavu ya kuweka kwa mkono. Kila moja inashinda mahali pake na kila moja inashindwa kwa sababu yake. Sehemu kubwa ya tathmini hii ni ya chemba, kwa kuwa ndiyo inayoahidi mengi.

Baridi inang'oaje rangi

Chuma cha kawaida kikishuka kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi nyuzi 100 chini ya sifuri, kila mita yake hufupika kwa milimita 1.4 hivi. Rangi iliyokauka juu yake, kwa kuwa ni jamii ya plastiki, ingefupika mara nne au tano zaidi kama ingeachwa huru. Haiko huru, imeshikwa na chuma. Kwa hiyo inabaki imevutika, imejaa mkazo, na wakati huohuo baridi imeiondolea ule unyumbufu ambao ungeiwezesha kuvumilia. Kinachosubiriwa ni ufa wa kwanza. Ukianzia kwenye ukingo, unakimbia chini ya rangi, kwenye mpaka wake na chuma, na kipande kizima kinaruka.

Nishati inayousukuma ufa huo hutegemea unene wa rangi. Kwa mkazo uleule, safu yenye unene maradufu ina nishati maradufu ya kujibandua, ilhali mshiko wake kwenye chuma hauongezeki hata chembe kwa sababu ya unene. Ndiyo maana kulabu iliyopita mara nyingi kwenye laini ya rangi, yaani mstari wa karakana ambapo vitu hutundikwa na kupakwa, ikajaa gamba la milimita kadhaa, inavuliwa kirahisi, na kipande kilichopakwa jana mara moja tu kinagoma. Chini ya robo milimita, yaani mikroni 250, tarajia matokeo hafifu. Safu moja ya rangi ya unga ni mikroni 60 hadi 100. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumwelekeza mwenye geti kwa mpiga mchanga.

Lipo na jambo la pili, ambalo wateja wengi huliona la kinyume: kadiri fundi wa kwanza alivyoandaa chuma vizuri, ndivyo baridi inavyoshindwa. Chuma kilichopigwa mchanga kikapata ukwaruzo, kikaogeshwa fosfeti, kikapakwa praima ya epoksi, kinaishika rangi kwa nguvu ambayo mkazo wa baridi haufiki. Kulabu haiandaliwi na mtu. Rangi inaikuta na mafuta ya viganja au mabaki ya rangi ya jana, na inakaa juujuu tu.

Ndani ya chemba

Mashine ni kabati la chuma kisichoshika kutu lenye kuta nene za kuzuia joto. Ndani kuna mhimili unaozunguka wa kutundikia mzigo, au kapu linalobingirika kwa vitu vidogo, na ubavuni kuna gurudumu linalorusha chembe za plastiki kwa kasi. Nitrojeni inaondoka tangini ikiwa nyuzi 196 chini ya sifuri, inanyunyizwa juu ya mzigo, inachemka palepale na kubeba joto. Kipimajoto kinafungua na kufunga valvu ili baridi ibaki kwenye kiwango kilichopangwa. Rangi ikishakakamaa, gurudumu linaanza kazi. Chembe zake ni za polikaboneti, kati ya nusu milimita na milimita mbili hivi. Plastiki hii ndiyo inayochaguliwa kwa sababu haivunjiki ovyo katika baridi ambayo rangi haiiwezi. Rangi inapasuka kama ganda la yai, inaanguka pamoja na chembe kwenye chekeche la mtikisiko, vipande vinakwenda upande mmoja, vumbi upande mwingine, na chembe zinarudishwa kwenye gurudumu. Mzunguko mmoja kwa kawaida ni dakika tano hadi kumi na tano.

Watu husahau kuwa nitrojeni haing'oi rangi peke yake. Bila kile kipigo cha chembe, gamba nene hupasuka na kuachia sehemu tu, na mengi yanabaki yameshikilia huku yakiwa na nyufa. Huduma inayotumbukiza mzigo kwenye beseni la nitrojeni kisha kuugonga kwa nyundo ni ya daraja la chini: inakula nitrojeni nyingi, na chuma chote kinapata mshtuko wa baridi pasipo sababu.

Mwendeshaji anayejua kazi hangoji chuma kipoe hadi kiini. Rangi ikiwa imekakamaa huku chuma chini yake bado kina joto kiasi, tofauti ya kufupika ni kubwa zaidi, na huo ndio wakati wa kupiga. Kuendelea kuuloweka mzigo kwenye baridi baada ya hapo kunapunguza tofauti hiyo, kunaongeza matumizi na kunausogeza chuma kwenye joto ambalo nacho kinaweza kupasuka. Ukisikia mtoa huduma anajisifu kwamba mzigo wako utakaa kwenye baridi "mpaka uive", muulize kwa nini.

Matumizi ya nitrojeni yanaweza kukadiriwa kwa kalamu. Kupoza kilo 100 za chuma kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 120 chini ya sifuri ni kuondoa kilojuli 5,800 hivi. Kilo moja ya nitrojeni hufyonza kilojuli 199 inapochemka, na gesi yake ikiachwa ipate joto hadi karibu nyuzi 100 chini ya sifuri kabla ya kutolewa nje, inafyonza nyingine kama 100. Kwa hiyo zinahitajika kilo 19 au 20, sawa na lita 24 au 25, kama hakuna kinachopotea. Kinapotea. Kuta za chemba, gurudumu, chembe zenyewe na bomba la kutoka tangini vyote vinapaswa kupoa kwanza, na kila mlango ukifunguliwa baridi inamwagika nje. Mzigo wa kwanza wa siku ndio unaokula nyingi kuliko yote. Kwa sababu hiyo huduma zinazoendeshwa vizuri hukusanya mizigo na kuipitisha mfululizo, na ukimletea mtu kulabu chache akakwambia usubiri zikusanyike na za wengine, anakutendea haki.

Kutokana na hesabu hiyo utaona pia kwamba biashara mbaya kuliko zote ni fremu nzito yenye rangi kidogo. Hapo unalipia kupoza chuma. Kulabu za waya zilizobeba rangi nyingi kuliko uzito wao wenyewe ni kinyume chake.

Mambo yanayoharibu mzunguko yanajulikana. Kapu likijazwa kupita kiasi, kulabu hunasana na chembe hazifiki katikati. Chembe zilizotumika muda mrefu hupoteza kona zake, zinakuwa duara, zinagonga bila kukata. Unyevu ukiingia kwa mlango ulioachwa wazi, chembe zinashika barafu, zinagandamana na kuziba chekeche na mrija unaozirudisha, na gurudumu linabaki likizunguka tupu huku geji ya baridi ikionyesha kila kitu kiko sawa. Na bomba la nitrojeni likiwa refu lisilofunikwa vizuri, kinachofika kwenye chemba mwanzoni ni gesi, si kimiminika. Mzunguko unarefuka na rangi inapoa polepole pamoja na chuma, jambo ambalo tumeona ndilo lisilotakiwa.

Chukua kulabu moja iliyotoka kwenye mzunguko mzuri uiangalie. Shina la waya ni jeupe, chuma kilekile cha awali, hata alama za koleo lililoikunja zinaonekana. Lakini kwenye mkunjo wa ndani, pale waya mbili zinapokutana kwenye welding, kuna ukanda mwembamba uliobaki, na ukiuchunguza ni wa safu ya chini kabisa, ile ya kwanza kupakwa. Mwendeshaji hana kosa hapo. Kwenye kona ya ndani rangi inapofupika inajibana kati ya kuta mbili badala ya kujivuta na kutoka, na chembe haziingii vizuri. Brashi ya waya au ncha ya koleo inamaliza. Anayetaka kona za ndani ziwe safi kabisa bila kuguswa na mkono atafute njia nyingine.

Tanuri na dawa, kwa ulinganisho

Tanuri la kuchomea rangi hufanya kazi kwenye nyuzi 370 hadi 430 kwa saa kadhaa. Linasafisha kona ambazo baridi inaziacha, halijali unene, halijali epoksi. Ila linaacha majivu yanayohitaji kuoshwa, moshi wake unahitaji kuchomwa upya kabla ya kutolewa, na kulabu za chuma cha springi zikipita humo mara kwa mara zinalegea, zinakunjuka chini ya uzito na kudondosha kazi, yaani kitu kinachopakwa. Baridi haigusi ugumu wa springi kwa namna hiyo. Kwa karakana yenye kulabu za springi, hoja hii pekee inatosha kuamua.

Dawa za kuvua rangi zenye daikloromithani zilikuwa na nguvu kuliko zote, na zimeua watu waliozitumia kwenye vyumba visivyo na hewa. Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019 na kubana matumizi mengi mengine mwaka 2024. Baridi inaacha taka kavu tu, bila maji machafu wala tope la kemikali. Hilo ni la kweli katika matangazo yao na halina chumvi.

Rangi zinazotii na zisizotii

Rangi ya unga ya poliesta iliyorundikana inatii vizuri. Rangi za akriliki na za mafuta zilizojaa kwenye fremu nazo hutoka. Tabaka nene laini za plastiki ya PVC zinazopakwa chini ya magari na kwenye vikapu vya waya huwa mpira kwa joto la kawaida na kumsumbua mtu mwenye msasa, kwani zinaziba msasa wote. Kwenye baridi zinageuka kuwa ngumu na kuvunjika, na hapa baridi inaishinda msasa kwa mbali.

Epoksi na poliurethani ni wabishi. Epoksi kwa sababu ya mshiko, poliurethani kwa sababu inabaki na ustahimilivu hata ikipozwa. Ile rangi nyembamba ya kuzamishwa kwa umeme, mikroni 15 hadi 25, inayopakwa kwenye vipuri vya magari, usiipeleke kabisa: ni nyembamba na imeshika, yaani ina kasoro zote mbili kwa pamoja. Mzigo wenye safu ya unga juu ya rangi hiyo mara nyingi hurudi umevuliwa safu ya juu, ya chini ikiwa nzima, na ugomvi unaanza juu ya kama kazi imefanyika au la. Maliza suala hilo kabla, kwa vipande vya majaribio.

Juu ya alumini baridi inafanya kazi kwa shida zaidi kuliko juu ya chuma. Alumini hufupika karibu mara mbili ya chuma, milimita 2.8 kwa mita kwa mporomoko uleule wa nyuzi 120, hivyo inaifuata rangi kwa karibu na mkazo unapungua.

Chuma kinachoweza kuumia

Alumini, shaba na chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304 au 316 havigeuki kuwa vya kuvunjika hata kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Chuma cha kaboni cha kawaida hugeuka. Kwenye baridi kali kinapoteza uwezo wa kunyumbuka, na kigongwacho wakati huo kinaweza kupasuka palipo na ufa wa zamani, kona kali au welding mbaya. Kulabu na fremu hupita salama kwa kuwa chembe za plastiki ni nyepesi, lakini mzigo ukiangushwa sakafuni mara tu ukitoka ni habari nyingine. Usiinyooshe kulabu iliyopinda kabla haijapata joto la chumba.

Chuma cha kusubu kinavunjika hata kwenye joto la kawaida, usikipeleke. Beringi na vyuma vilivyotiwa ugumu visipelekwe pia, kwa sababu baridi kali hubadilisha sehemu ya muundo wao wa ndani na vipimo vinahama. Ondoa sili za mpira, bushi za plastiki na vibandiko vyote, vinginevyo utavikusanya vikiwa vipande. Mirija yenye maji ndani itoboke au ikaushwe kwanza, maana maji yakiganda yanatanuka na kupasua mshono. Vitu vilivyoshindiliwa pamoja vya metali mbili tofauti vinaweza kulegea.

Barafu kavu kwa kompresa

Hii ni huduma nyingine kabisa, ingawa matangazo yanazichanganya. Punje za barafu kavu za milimita 3, zenye baridi ya nyuzi 78.5 chini ya sifuri, zinarushwa kwa hewa ya bar 5 hadi 7. Zikigonga zinageuka gesi moja kwa moja, kwa hiyo hakuna mchanga wala maji ya kusafisha baadaye. Kinachobaki sakafuni ni uchafu ulioondolewa tu. Kwa grisi, lami, gundi, mabaki ya kwenye kalibu za kiwandani na rangi iliyokwisha kuachia, ni huduma bora. Inaingia kwenye mashine bila kuzifungua na haikwaruzi chuma.

Kwa rangi nzima iliyoshika, ni ya polepole kiasi cha kukatisha tamaa. Punje inagusa eneo dogo kwa muda mfupi mno, baridi haipati nafasi ya kushuka ndani, na punje yenyewe ni laini. Watengenezaji wa ndege walilijua hili: mfumo wa FLASHJET wa McDonnell Douglas, ambao baadaye ulikuwa wa Boeing, ulitumia taa ya zenoni kuunguza rangi kwa mwako wa ghafla kwanza, na mkondo wa barafu kavu ukafuata kupoza uso na kufagia mabaki. Barafu haikuachiwa kazi ya kung'oa peke yake.

Anayekodi huduma hii akague mambo mawili kabla ya kuanza. La kwanza ni hewa: kompresa isiyo na kikaushio inaleta unyevu unaoganda kwenye nozeli, mtiririko unaanza kukohoa kisha unakata. La pili ni umri wa punje. Barafu kavu inapungua sandukuni hata ikifunikwa, inashika unyevu wa hewa na kugandamana. Punje za siku kadhaa zinagonga kwa udhaifu na kunasa kwenye mashine. Kitu kinachopigwa na mashine yenyewe viunganishwe na ardhi, kwa kuwa mtiririko huo mkavu hujenga umeme tuli unaoruka cheche. Kelele inapita desibeli 100, vizibo vya masikio si hiari.

Barafu kavu kwa mkono

Kwa gari, kazi moja inafaa sana: mikeka ya lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa kwenye sakafu ya bodi. Ponda barafu kavu, itandaze juu ya mkeka, ifunike kwa taulo nene, subiri dakika 10 hadi 15. Sikiliza, mkeka ukianza kualika na kupasuka, gonga kwa nyundo ya mpira kuanzia ukingoni, nao utatoka kwa vipande vikubwa. Sehemu za wima ndizo zinazosumbua, kwani barafu haikai. Watu hutumia mfuko wa kitambaa au hutengeneza uji wa barafu na spiriti ya isopropili ili igusane vizuri na chuma, lakini spiriti inawaka, na hilo lisahauliwe hata kidogo.

Rangi iliyo chini ya mkeka itabaki. Inapaswa kubaki. Anayetandaza barafu kavu juu ya boneti akitumaini rangi itabanduka atapata boneti baridi.

Makopo ya kunyunyizia baridi na mitungi ya kuzimia moto ya kaboni dayoksaidi hayana nafasi katika kazi hii. Yanapoza sehemu ndogo kwa sekunde chache.

Hewa ya chumba

Lita moja ya nitrojeni kimiminika inatoa lita 700 hivi za gesi. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3 kina meta za ujazo 60. Lita 10 zikimwagika humo zinasukuma nje meta za ujazo 7 za hewa, na oksijeni inashuka kutoka asilimia 20.9 hadi 18.5 hivi, chini ya asilimia 19.5 ambayo ndiyo mpaka wa usalama wa kufanyia kazi. Nitrojeni haina harufu, haiwashi, haimkabi mtu akajua, anaanguka tu. Karakana yenye chemba isiyo na king'ora cha oksijeni, na isiyo na bomba linalotoa gesi ya chemba nje ya jengo, haistahili mzigo wako hata kama kazi yao ni safi.

Kwa barafu kavu hatari ni ya kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito na hutulia chini, kwenye mashimo ya magereji na sakafu za magari. Kilo moja inatoa zaidi ya nusu ya meta ya ujazo. Kiwango cha kufanyia kazi kwa saa nane ni sehemu 5,000 kwa milioni, na kwenye 40,000 maisha yako hatarini papo hapo. Kwa hiyo usiisafirishe kwenye gari lenye vioo vilivyofungwa, wala usifunge kwa nguvu chombo chochote chenye barafu kavu au nitrojeni, kitalipuka.

Dalili moja inayopaswa kuripotiwa ni bomba la nitrojeni linalodondosha matone yanayotoa moshi upande wa nje. Nitrojeni kimiminika ina baridi kuliko kiwango cha kuchemka cha oksijeni, nyuzi 183 chini ya sifuri, hivyo bomba lisilofunikwa linaweza kukusanya kimiminika chenye oksijeni nyingi kutoka hewani. Kikidondokea mafuta au vumbi la rangi, moto unaanza kirahisi.

Mzigo ukitoka

Chuma baridi kikikutana na hewa kinavaa barafu, kisha maji. Kulabu za chuma kitupu zilizoachwa kwenye kapu zikijikausha zenyewe zina kutu ya rangi ya chungwa kabla ya siku kuisha. Huduma nzuri inaupasha mzigo kwa hewa ya moto au kuuacha ndani ya gesi kavu ya nitrojeni hadi upate joto la chumba. Uliza wanafanya lipi. Jibu la "tunaanika nje" lina maana yake.

Uso unaobaki ni ule wa kabla ya rangi. Baridi haitengenezi ukwaruzo wowote, kwa hiyo kitu kinachokwenda kupakwa rangi upya bado kinahitaji kupigwa mchanga au kuogeshwa fosfeti. Kwa kulabu hilo halina shida, kwa kuwa kinachotakiwa ni zipitishe umeme tu. Rangi ya unga hukaa kwenye kazi kwa sababu kazi imeunganishwa na ardhi kupitia kulabu. Gamba likizuia mguso, unga hauzunguki nyuma ya kitu, unapotea hewani, na cheche zinaweza kuruka. Pima kwa mita ya kinzani kati ya sehemu inayogusa kazi na reli ya juu: kinzani iwe chini ya megaohmu 1. Kulabu inayopita kipimo hiki imesafishwa vya kutosha, hata kama kona yake ya ndani ina doa. Isiyopita irudishwe, hata kama inang'aa.

Kabla ya kupeleka mzigo mkubwa, peleka vipande vichache vya kila aina ya rangi mliyonayo, vikiwa vimepimwa uzito. Vipimwe tena vikirudi. Tofauti ya uzito ndiyo kiasi cha rangi kilichotoka, na ukijua uzito wa kulabu mpya utajua pia kilichobaki. Kumbukumbu hiyo ya uzito itakusaidia kupanga ratiba: gamba likifika nusu milimita peleka, usingoje lifike unene wa kidole, kwa kuwa laini ya rangi itakuwa imeshapoteza unga mwingi kwa mguso mbovu. Karakana inayofanya kazi kila siku inahitaji seti mbili za kulabu, moja ikiwa kwenye laini na nyingine kwenye huduma.

Kubalianeni pia ni nani anabaki na vumbi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na sumu ya risasi (ile metali) au kromati, na vipande vyake vikiwa vimesagwa vinaingia mapafuni kwa urahisi kuliko vilipokuwa kwenye chuma. Baadhi ya huduma zinarudisha taka kwa mwenye mzigo kwenye ndoo, kimyakimya, na anazikuta chini ya kulabu.

Na kabla ya kuzirudisha kulabu kwenye laini, zitikise au zipulize kwa hewa, hasa zenye mirija na mikunjo. Chembe za polikaboneti hujificha humo. Moja ikidondokea kwenye unga mbichi itaonekana baada ya tanuri tu, ikiwa kinundu kinachong'aa katikati ya kazi iliyokwisha.